Kidole Ambacho Hakipo: Historia ya Draiva Zinazosahihisha Skrini za Kugusa

Weka kidole kimoja juu ya kioo cha simu yako, kitulize hapohapo, kisha hesabu moja mpaka tano. Wewe umeona kidole kimoja kilichotulia. Kilichopita ndani ya simu ni kitu kingine kabisa: mamia ya vipimo, kimoja baada ya kingine, vikitofautiana hiki na hiki kidogo kidogo. Mara kidole kiko hapa, mara kimesogea kushoto, mara kimerudi. Kama mkono una jasho, au simu iko kwenye chaja ya bei poa, huenda vipimo vingine vikaruka mbali kabisa. Hata hivyo kwenye kioo hukuona kitu kikitetemeka. Kuna mtu alikaa chini akaandika programu ya kukufichia hayo yote.

Makala hii inawahusu watu hao, hasa waliofanya kazi hiyo hadharani, ndani ya Linux na programu zinazoizunguka, ambako kila mstari waliouandika unaweza kuusoma leo hii ukiwa na bando tu.

Mimi nilianza kulifuatilia jambo hili kwa hasira. Nilinunua tableti ya mtumba, ya kampuni ambayo sitaitaja, nikafuta mfumo iliokuja nao nikaweka Linux ili niisomee makala za utafiti. Ikawaka vizuri. Nikagusa alama ya kufunga dirisha, juu kulia. Ikafunguka menyu ya chini kushoto. Nikagusa chini, kikajibu kitu cha juu. Nikaipeleka kwa fundi. Akaigusa mara mbili tatu, akatikisa kichwa: "Tachi hii imekwisha, kaka. Lete elfu themanini." Tableti yenyewe niliinunua laki na ishirini.

Kumbe tachi ilikuwa nzima. Kiwandani walikuwa wameifunga kichwa chini miguu juu, nusu mzunguko kamili, na mfumo wa awali ulikuwa unaijua siri hiyo. Linux haikuambiwa. Nitairudia tableti hii baadaye, lakini kwanza turudi nyuma miaka ishirini na kitu, maana wazo la programu kuvumilia kifaa kinachosema uongo halikuanza na tableti yangu.

Chekecheke juu ya chekecheke

Mwaka 2001 hakuna mtu aliyekuwa akitelezesha kidole kwenye kioo. Watu wachache wenye kompyuta za kiganjani walitumia kijikalamu cha plastiki, wakibonyeza skrini za aina ya ukinzani. Skrini hizo zina tabaka mbili nyembamba zinazopitisha umeme, zimepakwa oksidi ya indiamu na bati, na kati yake kuna nafasi ndogo sana. Ukibonyeza, tabaka la juu linabonyea na kugusa la chini. Kifaa kinaweka volteji kwenye ncha mbili za tabaka moja, kisha kinatumia tabaka la pili kusoma volteji iliyopo pale ulipobonyeza. Karibu na ncha moja volteji ni kubwa, karibu na nyingine ni ndogo, katikati ni nusu. Ni uwiano tu, hesabu ya sekondari. Baada ya hapo kifaa kinabadilisha tabaka ili kipate upande wa pili, na chipu inageuza volteji kuwa namba. Chipu nyingi za wakati ule zilikuwa za biti 12, maana yake namba zinaanzia 0 na kuishia 4095.

Kwenye karatasi ni safi kabisa. Kwenye kifaa halisi kuna shida mbili. Ya kwanza ni kwamba kalamu haigusi ghafla. Kuna kipande kifupi cha muda ambapo tabaka mbili zimegusana nusunusu, na vipimo vinavyotoka hapo havina maana yoyote. Vivyo hivyo kalamu inapoinuka. Shida ya pili ni jirani. Chini ya kioo kuna onyesho linalojichora upya mara nyingi kila sekunde, na kila likijichora linatoa kelele za umeme zinazoingia kwenye vipimo. Ukichora mstari ulionyooka unapata meno ya msumeno.

Russell King, Mwingereza aliyekuwa akiisimamia Linux upande wa vichakato vya ARM, ndiye aliyeanzisha tslib mwaka huo wa 2001. Ni maktaba ndogo ya programu, na wazo lake ni la jikoni kabisa: vipimo vinapita kwenye machekecheke, moja baada ya jingine. Chekecheke la kwanza linatupa kila kipimo ambacho mgandamizo wake ni mdogo mno. Lingine linatupa vipimo vichache vya mwanzo na vichache vya mwisho, vile vya kugusana nusunusu. Lingine linatafuta namba iliyoruka mbali na wenzake na kuikataa mpaka ithibitishwe na inayofuata. Lingine linachukua wastani, likivipa uzito zaidi vipimo vipya kuliko vya zamani, ili mkono unaotetemeka utoe mstari laini. La mwisho ndilo linalogeuza volteji kuwa mahali kwenye skrini, kwa kutumia misalaba mitano ambayo mtumiaji aliigusa siku ya kwanza. Kama uliwahi kutumia mashine ya zamani iliyokwambia "gusa katikati ya msalaba", basi ulikuwa unaifundisha programu jinsi kioo chako kilivyopinda.

Ninachokipenda zaidi ni kwamba mpangilio wa machekecheke uliandikwa kwenye faili la maandishi ya kawaida. Kama kioo chako kina kelele nyingi, ongeza moja. Kama kinachelewa, punguza, kwa sababu kila wastani unakula muda, na muda huo mkono wako unausikia. Hukulazimika kuwa mwandishi wa programu. Ulihitaji subira na kalamu ya plastiki.

Nyuma ya hapo kulikuwa na msimamo. Keneli, ule moyo wa Linux unaozungumza na vifaa moja kwa moja, iseme inachokiona, hata kama ni takataka. Usafi ufanyike nje. Msimamo huu haukudumu bila nyufa. Mwaka 2005 Nokia ilitoa kijitableti cha intaneti kilichoitwa 770, kilichotumia Linux, na skrini yake ilisomwa na chipu ya ADS7846. David Brownell aliandika draiva ya chipu hiyo ndani ya keneli mwaka huohuo, na baada ya muda draiva ikapata kichujio chake chenyewe. Kichujio hicho kinasoma volteji mara ya kwanza na kutoiamini. Kinasoma tena. Kama namba mbili zimekaribiana vya kutosha, kinakubali. Kama hazijakaribiana, kinarudia, mpaka kichoke, kisha kinaitupa sampuli nzima na kusubiri zamu nyingine. Kwa Nokia 770 mipaka iliandikwa wazi: tofauti isizidi 3 kati ya zile 4095, na majaribio yasizidi 10.

Hebu zitazame namba hizo mbili. Hakuna kanuni ya fizikia inayozitoa. Ni za aina ile ambayo mtu huipata kwa kukaa na kifaa mezani, akibonyeza, akibadilisha, akibonyeza tena. Historia yote ninayokusimulia imejaa namba za namna hiyo.

Kishale kilicholewa

Sasa tufike kwenye kisa ninachokiona kikubwa kuliko vyote, ingawa kifaa chenyewe kilikuwa padi ya kugusa na si skrini. Ukoo ni mmoja, na ugonjwa ni mmoja.

Mwaka 2005 Nicholas Negroponte wa MIT alitangaza mpango wa kutengeneza kompyuta mpakato ya dola 100 kwa ajili ya watoto wa nchi maskini. Mradi ukaitwa One Laptop per Child. Kompyuta yenyewe, XO-1, ilianza kutengenezwa kwa wingi mwishoni mwa 2007. Bei ikawa karibu mara mbili ya ile iliyoahidiwa. Ilikuwa ya kijani na nyeupe, na masikio mawili ya antena, na skrini inayosomeka juani. Programu zake zilikuwa huria, Linux mpaka juu. Uruguay ikanunua kwa ajili ya shule zake za msingi, Peru ikanunua kwa malaki, na kwetu huku Afrika Mashariki Rwanda ndiyo iliyoingia kwa nguvu: kwa jumla zaidi ya mashine 200,000, za kizazi hicho na vilivyofuata.

Padi ya XO-1 ilikuwa na tamaa kubwa. Katikati ilikuwa ya kapasitansi, kwa ajili ya kidole. Kwa upana wake wote ilikuwa ya ukinzani, kwa ajili ya kalamu au hata kijiti, ili mtoto achore na kuandika. Padi mbili ndani ya moja.

Sehemu ya kapasitansi ndiyo iliyoleta balaa. Kitambuzi cha kapasitansi hakipimi mguso, kinapima mabadiliko. Kinakumbuka chaji yake ikoje wakati hakuna kidole, na kumbukumbu hiyo ndiyo sifuri yake. Kidole kikikaribia, mwili wako unabadilisha chaji, na tofauti na ile sifuri ndiyo inayoitwa mguso. Lakini joto likibadilika, unyevu ukipanda, jasho likibaki juu ya padi, sifuri ya kweli inahama huku kumbukumbu ikibaki palepale. Kuanzia hapo kifaa kinapima kwa mizani iliyopinda.

Watoto waliona matokeo yake tu. Kishale kinaruka kutoka pembe hadi pembe. Kinatembea chenyewe mtoto akiwa ameweka mikono magotini. Dawa iliyofundishwa ilikuwa ya kushangaza: bonyeza kwa pamoja vitufe vinne vya pembe za kibodi, huku padi usiiguse, nayo itajipima upya. Fikiria darasa lenye watoto wengi, mwalimu mmoja, na kila dakika chache kuna mikono inajitanua juu ya kibodi kama wapiga kinanda.

Waandishi wa draiva, kina Andres Salomon waliokuwa wakiufanyia kazi mradi huo, hawakuweza kubadilisha vifaa ambavyo tayari viko vijijini. Walikuwa na kitu kimoja tu: mfululizo wa namba zinazotoka kwenye padi. Swali lilikuwa je, ukizitazama namba peke yake, bila macho, unaweza kujua kama padi inaguswa na mtoto au imepagawa?

Jibu lao lilipoingia kwenye keneli ya Linux mwaka 2008 liliandamana na maelezo ya ukweli usio wa kawaida. Wanasema waziwazi kwamba hawajui kasoro ya kifaa inatokana na nini. Wanasema kishale kinafanya kama mlevi. Kisha wanaeleza walichokigundua. Padi iliyopagawa inatema namba ndogo ndogo, kati ya -2 na 2, mfululizo, na kishale kinazungukazunguka bila kufika popote. Ukijumlisha miendo hiyo kwa pakiti 100 hivi, jumla inakuwa karibu na sifuri. Na hapa ndipo penye utamu: binadamu hawezi kufanya hivyo kirahisi. Mmoja wao aliandika kwamba alijaribu kwa vidole vyake mwenyewe na ilimwia vigumu. Mtoto anayesogeza kishale anakwenda mahali. Padi mbovu inatembea sana na haifiki. Kwa hiyo hesabu ya kujumlisha tu, isiyohitaji kichakato kikubwa, inatenganisha nia na kelele.

Mimi nilipousoma msimbo ule mara ya kwanza nilisimama nikazunguka meza. Nimesoma takwimu miaka mingi, na bado sijaona mfano mzuri zaidi wa kumweleza mtu tofauti kati ya kutangatanga kwa bahati nasibu na safari.

Dalili ya pili ilikuwa tofauti. Padi ikizidi kuwa nyepesi, inakihisi kidole kikiwa bado hewani, sentimita moja na kitu juu yake, kwa hiyo kidole kikitua kishale kinaruka. Kwa hilo draiva ilitazama miruko mikubwa kupita kiasi, ikaitupa, na kupanga padi ijipime upya muda mfupi baadaye.

Ila dawa nayo ina sumu yake. Padi ikijipima upya wakati kidole cha mtoto kiko juu yake, inakikariri kidole kama sehemu ya sifuri. Kidole kikiondoka, padi inaona ulimwengu umebadilika, na ulevi unaanza upya, mara hii umesababishwa na tiba. Ndiyo maana draiva ililazimika kusubiri kidogo kabla ya kuagiza upimaji, na baadaye ikaongezwa njia ya kuanza upya iwapo padi itatoa pakiti wakati upimaji unaendelea, na swichi ya kuzima tiba ya kujiendesha kabisa kwa mashine ambazo inazidisha ugonjwa. Ukisoma mabadiliko yale kwa mfuatano wa miaka, 2008 mpaka 2010, unaona watu wanaojifunza kuuguza.

Nitakuwa mkweli: kiraka hakikuiponya XO-1. Vitufe vinne vya pembe havikustaafu. Lakini kati ya kishale kinacholewa kila dakika na kinacholewa mara mojamoja kuna somo zima la hesabu, na somo hilo ndilo kompyuta iliyonunuliwa kwa ajili yake.

Vidole vinavyonata

Mwaka 2007 simu ya iPhone ilibadilisha matarajio ya kila mtu, na mwaka 2009 Windows 7 ikaleta miguso ya vidole vingi kwenye kompyuta za kawaida. Skrini za USB zikamiminika sokoni. Linux haikuwa tayari. Henrik Rydberg alitunga lugha ya ndani ambayo draiva zingetumia kuelezea vidole vingi kwa pamoja, na kule Toulouse, Ufaransa, katika chuo cha taifa cha usafiri wa anga kinachoitwa ENAC, Stéphane Chatty alianza kuandika draiva, moja kwa kila aina ya skrini iliyopita mikononi mwake.

Baada ya nyingi kujirundika, yeye na Benjamin Tissoires waliona kwamba zote zinafanana, isipokuwa kwa vituko. Mwaka 2011 draiva yao ya pamoja, hid-multitouch, ikaingia kwenye keneli. Ndani yake kuna orodha ya vituko, na kila kifaa kimewekwa kwenye kundi la tabia zake. Kuna skrini zinazohesabu vidole kuanzia 0 na zinazoanzia 1. Kuna zinazotangaza kidole kikiondoka, na kuna ambazo zinaacha tu kukitaja, kwa hiyo draiva inaambiwa: kisichoonekana kimeondoka. Kuna zinazokitaja kidole kilekile mara mbili ndani ya taarifa moja. Ni kama daftari la mwalimu wa darasa anayemjua kila mtoto.

Kituko ninachokipenda kinaitwa, kwa tafsiri yangu, vidole vinavyonata. Kuna skrini ambazo mara mojamoja husahau kusema kidole kimeinuka. Kompyuta inabaki ikiamini kuna kidole pale, kimetulia, milele. Ukigusa tena kwa kidole kimoja, yenyewe inahesabu viwili: cha kwako na cha mzimu. Unataka kubonyeza, picha inakuzwa.

Utamjuaje mzimu na mtu aliyetuliza kidole kweli? Tissoires alitumia kanuni ya Microsoft yenyewe. Ili skrini ipate kibali cha Windows 8, iliyotoka 2012, ni lazima kidole kilichokwisha tajwa kiendelee kutajwa katika kila taarifa, na taarifa zije kwa kasi ya skrini inavyojichora, yaani angalau 60 kwa sekunde. Piga hesabu: taarifa moja kila milisekunde 16 au 17. Kwa hiyo kimya si utulivu. Kidole kilichotulia bado kinapiga kelele mara 60 kwa sekunde. Tangu 2017 draiva inaweka kipima muda: zikipita milisekunde 100 bila neno lolote, vidole vyote vilivyobaki vinatangazwa vimeinuka. Milisekunde 100 ni nafasi ya taarifa sita hivi, ukarimu wa kutosha kwa mashine iliyoelemewa na kazi. Na tiba hii wanapewa wale tu waliojitangaza kufuata kanuni ya Windows 8. Mzee asiyeijua kanuni hiyo, ambaye hunyamaza kidole kikitulia, angeonewa bure.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi sana. Kila kifaa kikichomekwa hujitambulisha kwa kuituma kompyuta maelezo yake. Kina Tissoires waliyahifadhi maelezo ya skrini nyingi, na wanayatumia kuunda vifaa vya kufikirika ndani ya kompyuta ya majaribio. Keneli ikibadilishwa, vifaa hivyo "vinaguswa" upya mmoja mmoja kuona kama kuna kilichoharibika. Skrini ambazo huenda zimekwisha tupwa jalalani bado zinafanyiwa mtihani.

Tableti isiyo na jina

Turudi kwenye tableti yangu. Katika miaka ya 2010 viwanda vya China vilitoa tableti za bei nafuu zenye vichakato vya Intel, na nyingi zilitumia chipu za kugusa za Goodix au Silead. Ya Silead haina kumbukumbu ya kudumu: kila ikiwashwa inapewa fimwea upya, yaani programu yake ya ndani, na fimwea hiyo inategemea kioo ilichofungwa nacho. Kwa hiyo chipu ileile kwenye tableti kumi inaweza kuhitaji faili kumi. Goodix ni nyepesi zaidi, lakini draiva yake, aliyoiandika Bastien Nocera akianzia kwenye ile ya Android, ina orodha ya tableti ambazo mwanzo wa vipimo uko pembe ya chini kulia, kana kwamba zimegeuzwa nyuzi 180. Ndiyo, hao ni ndugu wa tableti yangu.

Lakini keneli itajuaje iko ndani ya tableti gani? Inasoma jina ambalo mtengenezaji aliliandika kwenye BIOS. Na hapa kuna kichekesho cha kusikitisha: viwanda vingi havikuandika kitu. Mahali pa jina yamebaki maneno ya fomu, yale ya "patajazwa na mtengenezaji". Hans de Goede, aliyekusanya tableti hizi ndani ya faili moja la keneli kuanzia 2017, alilazimika katika baadhi yake kuzitambua kwa tarehe ya BIOS. Maelezo yaliyo kando ya mistari hiyo yanakiri kwamba jina peke yake ni la jumla mno. Kumtambua mtu kwa siku ya kuzaliwa kwa sababu wazazi hawakumpa jina!

Wapo wanaosema kazi hii ni kuwabembeleza wazembe. Kiwanda kinaokoa senti, kisha mtu wa kujitolea anatumia wikiendi yake kufunika aibu. Hoja hiyo naielewa, na kwa kiasi fulani nakubaliana nayo. Mwenye kosa halipi chochote. Lakini waliokuwa na XO-1 mikononi hawakuwa wametengeneza padi ile, na mimi sikuigeuza tachi yangu. Bila kiraka, anayelipa ni aliyenunua. Pia kuna tofauti kati ya kufunika na kufunika. Kiwanda kilichogeuza kioo kilisahihisha kosa ndani ya programu yake iliyofungwa, na kosa likazikwa hapo. Kiraka cha hadharani kinalitaja kosa kwa jina la kifaa, kwa tarehe, na kwa mtu aliyeligundua.

Tatizo kubwa la njia hii lilikuwa muda. Hata baada ya kuandika mistari mitatu sahihi, ulisubiri toleo jipya la keneli, kisha usubiri limfikie mtumiaji. Mwaka 2023, katika toleo la 6.3, Tissoires na wenzake walifungua mlango mwingine unaoitwa HID-BPF: programu ndogo inapakiwa wakati mashine inafanya kazi na kusahihisha maneno ya kifaa kabla keneli haijayasikia, bila kuunda keneli upya. Wazo la tslib la kutengeneza bila kugusa moyo wa mfumo limerudi, safari hii kwa vazi jingine.

Tableti yangu haikuhitaji hata hayo. Niliongeza mstari mmoja wa mipangilio unaogeuza mhimili wa kulia na kushoto pamoja na ule wa juu na chini, nikaiwasha upya, nikagusa alama ya kufunga dirisha, likafungwa. Elfu themanini zilibaki mfukoni. Kesho yake nilimrudia yule fundi kumwonyesha. Akaigusa, akacheka, akaniomba nimwandikie mstari ule kwenye karatasi.

Kama una kompyuta ya Linux yenye skrini au padi ya kugusa, fungua dirisha la amri, endesha programu inayoitwa evtest, chagua kifaa chako, halafu weka kidole na ujaribu kutulia. Namba zitaanza kumiminika. Itazame safu ya X kwa dakika moja, kisha mpulizie kidole pumzi yenye unyevu, uweke tena.